Msemaji wa Hrant

Fowler, California
9 Machi 1998

Dada Siran,

Arobaini ya Baba imepita salama. Padri alikuja, shangazi Verjin akapika pilau ya ngano na nyama ya kondoo, watu wakala, wakamsifu marehemu, wakaenda zao. Kila aliyeniaga aliinama akanisemesha kwa sauti ya juu kana kwamba mimi ni kiziwi. Masikio yangu ni mazima, ulimi ndio mzito. Wameshindwa kutofautisha tangu nizaliwe, sitawafundisha leo.

Uliniuliza baada ya mazishi nani atanipigia simu sasa Baba hayupo. Napiga mwenyewe. Kuna huduma ambayo hailipiwi. Unapiga namba, anapokea msaidizi aliyezoezwa kusikiliza watu wenye usemi kama wangu. Mimi nasema, yeye anarudia kwa sauti yake kwa yule niliyempigia. Haongezi, hapunguzi. Asiponisikia vizuri ananiambia nirudie, wala habahatishi. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa anabahatisha.

Nimempigia fundi wa pampu ya kisima, amekuja. Nimepiga duka la dawa, wameleta dawa. Jumapili nilikupigia wewe, simu ikakatika. Nitajaribu tena.

Nachapa kwa kidole kimoja kama kawaida, kwa hiyo usitegemee salamu ndefu. Msalimie shemeji Nubar.

Hrant


Watertown, Massachusetts
21 Machi 1998

Hrant mdogo wangu,

Simu haikukatika. Niliikata. Nimetoka kanisani, hata koti sijavua, nanyanyua simu nasikia mwanamke nisiyemjua ananiambia, "Dada Siran, ni mimi Hrant, habari za huko?" Ulitaka nifanye nini? Nubar aliponiona uso akauliza nani tena amekufa.

Nimeanza kukusemea nikiwa na miaka minane. Shuleni nilikusemea mimi, kanisani mimi, kwa daktari mimi. Kwa simu usemi wako hunipotea kwa sababu nahitaji kuuona mdomo wako, lakini nikikaa mbele yako hakuna neno linalonipita. Leo mtu wa mshahara, ambaye hajawahi kukuona ukicheka, ndiye anayesema "mimi" kwa niaba yako. Siwezi kulizoea jambo hilo na sitaki kudanganya kwamba nitalizoea.

Sasa tuseme la maana. Jirani wa upande wa reli yuko tayari kuichukua mizabibu yote pamoja na nyumba. Fresno nimepata mahali pazuri pa kutunzwa. Ni pasafi, chumba kinatazama bustani, na kina mama wa kanisa letu huenda huko kila Jumatano kuimba na wakazi. Nimeongea na mkuu wa pale, amenihakikishia nafasi. Shamba Baba alituachia sisi wawili, kwa hiyo inatakiwa sahihi yangu na yako.

Mimi nilishakuacha mara moja, mwaka ule nilipoolewa. Gari linaondoka, wewe uko barazani kwenye kiti chako cha magurudumu, hukutamka neno. Tangu siku hiyo sina amani. Sitakuacha mara ya pili.

Dada yako,
Siran


Fowler
5 Aprili 1998

Dada Siran,

Siuzi. Ndilo nililotaka kukuambia ile Jumapili, baada ya kukuuliza habari za huko.

Mizabibu imeanza kuchipua. Refugio Salcedo, yule anayeleta wavunaji, nimempigia mara tatu kabla hajakubali kunisikiliza. Mara ya kwanza alisema, "Sinunui kitu," akakata. Mara ya pili akasema, "Mama, nimeshakwambia sinunui." Mara ya tatu msaidizi alikuwa mwanamume. Refugio akasema, "Ehe, leo umemtuma mumeo." Nikasema, na msaidizi akasema, "Refugio, ni Hrant, mwana wa Mihran. Mwaka jana mbwa wako alimtafunia baba yangu viatu." Akauliza, "Hrant? Kumbe unaongea?"

Nikamwambia, "Siku zote."

Amekubali kuleta watu msimu ukifika. Mkewe, Delfina, anakuja asubuhi kunivika na jioni kunilaza. Kupika anapika vizuri kuliko Baba, jambo ambalo si gumu.

Ile siku uliyoolewa, iache ilivyo. Hakuna haja ya kuibeba.

Hrant


Fowler
17 Mei 1998

Mwanangu Siran,

Mimi si mtu wa umbeya, unanijua. Lakini nisipokuandikia mimi, ndugu yako hataandika.

Kwanza nikuchekeshe. Ijumaa simu inalia, napokea, nasikia kijana mwenye sauti tamu kama ya mtangazaji: "Shangazi, ni mimi Hrant. Yale majani ya mzabibu uliyonijazia wali yalikuwa chumvi tupu." Nikauliza, Hrant gani? "Huyo huyo." Siran, mtoto amekula kwangu miaka yote hiyo, akimaliza anaguna, na wewe unanigeukia unasema, "Anasema ahsante shangazi, tamu sana." Alikuwa anasema nini kumbe? Sikukasirika. Nilikasirika kidogo. Chumvi nimepunguza.

Sasa la kukuliza. Mwezi uliopita aliteleza bafuni. Alianguka baada ya Delfina kuondoka jioni, akalala pale pale sakafuni mpaka Delfina aliporudi asubuhi. Alimkuta chini ya sinki, wa baridi kama samaki. Simu ilikuwa sebuleni, haifikii. Daktari anasema mbavu hazikuvunjika, ni michubuko. Mimi nimekatazwa kukwambia. Amenikataza kwa sauti ya yule mtangazaji, "Shangazi, tafadhali, Siran asijue," na mimi nikajibu ndiyo, ndiyo. Lakini niliyemwahidi ni mtangazaji.

Mimi nina miaka sabini na tisa. Siwezi kumnyanyua mtu mzima kutoka sakafuni. Fikiri cha kufanya.

Shangazi yako,
Verjin


Kituo cha Kupokeza Simu
Idara ya Huduma kwa Wateja
8 Juni 1998

Bi. Siranush Dikranian,

Tumeipokea barua yako ya tarehe 25 Mei, ambamo unaomba kuelezwa ndugu yako amempigia nani na amesema nini tangu alipoanza kutumia huduma yetu.

Tunasikitika kwamba hatuwezi kukusaidia. Kituo hiki hakihifadhi mazungumzo. Msaidizi haruhusiwi kumsimulia mtu yeyote alichosikia kazini, hata mwenzi wake wa ndoa. Simu ikiisha, kwetu imekwisha.

Unauliza pia kama wasaidizi humshauri mteja la kusema. Hawamshauri. Wao hurudia maneno ya mteja kama alivyoyasema, wakitumia "mimi" pale anaposema "mimi". Kuhusu ombi lako la mwisho, kwamba unapompigia ndugu yako msaidizi akufikishie ujumbe kwa maneno ya upole kuliko uliyoyatumia wewe, hilo pia haliwezekani. Maneno ya kila upande hufikishwa yalivyo.

Huduma iko wazi kwako kama ilivyo kwake. Karibu kuitumia.

Msimamizi


Watertown
14 Juni 1998

Hrant,

Najua kuhusu bafuni. Usimlaumu shangazi.

Nimepeleka maombi mahakamani Fresno niwe msimamizi wako kisheria. Mwanasheria anasema maombi yakikubaliwa nitaweza kutia sahihi kwa niaba yako na kukuchagulia mahali pa kuishi. Nakuandikia kabla karatasi hazijafika ili usizisome kwa mshtuko. Humo wameandika kwamba huwezi kujimudu. Ni lugha yao, mimi nisingetumia neno hilo.

Sifanyi hivi kwa ubaya. Usiku nakuona sakafuni. Namwambia Nubar nasikia baridi, anaongeza moto, na baridi haiishi. Wewe huwezi kujua mtu anavyojisikia akiwa upande wa pili wa nchi, na aliye sakafuni ni yule aliyemwacha barazani.

Baada ya kusaini unaweza kunichukia. Utanichukia ukiwa mzima.

Siran


Fowler
6 Julai 1998

Dada Siran,

Karatasi zimefika. Aliyezileta alimkabidhi Delfina huku mimi nimekaa mbele yake. Delfina akazichukua akanipa, yule bwana akaona haya.

Ya bafuni ni kweli. Sikukuambia kwa sababu nilijua ungefanya hivi. Simu ya pili imewekwa kule ndani, chini, karibu na sakafu. Nimelala sakafuni makusudi na kujaribu kuifikia. Delfina alidhani nimeanguka tena, akapiga kelele mpaka mbwa wa jirani wakaitikia. Inafikika.

Mahakama imenipa mwanasheria, Bi. Okamoto, ambaye kwao ni hapa hapa Fowler. Kwa simu ya kwanza aliniuliza kama nataka kupinga. Nikamwambia ndiyo. Akauliza kama nina uhakika, kwa kuwa mwombaji ni dada yangu. Nikamwambia namjua.

Kesi ni tarehe 20 Agosti. Wiki inayofuata zabibu zitakuwa tayari kukatwa na kuanikwa. Refugio haleti watu shambani mpaka ajue mwenye kauli ni nani, na kiwanda cha zabibu hakiandikiani mkataba na mtu ambaye mahakama inamchunguza. Kwa hiyo ni bora iishe siku hiyo hiyo, iwe kwako au kwangu.

Utafikia kwa shangazi. Hapa nyumbani chumba chako kipo, ila sikukaribishi kabla ya kesi. Bi. Okamoto amenishauri hivyo.

Hrant


Fowler
27 Septemba 1998

Kwa Msaidizi namba 417
Kituo cha Kupokeza Simu

Hatujuani. Nakujua kwa namba yako na kwa namna unavyosubiri nimalize. Tarehe 20 Agosti asubuhi uliniambia, "Nakusikia, endelea," kisha laini ikafa nikiwa katikati ya sentensi. Nimekuwa nikifikiri kwamba kazi yako ni kusikia mambo ya watu bila kujua yalivyoishia. Kanuni zenu hazikuruhusu kuniuliza, nadhani hata kunijibu hazikuruhusu. Kwa hiyo nakueleza bila kuulizwa, na sitasubiri jibu.

Nilikuwa mahakamani. Dada yangu alikuwa ameomba kukabidhiwa mamlaka juu yangu, ili auze shamba letu na kunihamishia mahali pa kutunzwa. Anaishi mbali, na alikuwa amesikia kwamba nilianguka. Tangu utoto ndiye aliyekuwa msemaji wangu, mpaka alipoolewa.

Hakimu ni mzee mwenye kikohozi. Alikubali nitumie huduma yenu, karani akaweka simu ya spika juu ya meza. Chumba kile dari yake iko juu sana. Ulipoanza kusema, sauti yako ikawa inagonga ukutani na kurudi. Hakimu akasema, "Kila neno nalisikia mara mbili, na yote mawili siyaelewi." Karani akasogeza simu, waya ukachomoka, ndipo ulipotupotea. Walipopiga tena alipokea mwingine, mwangwi ukawa ule ule. Hakimu akaamuru simu ifungwe.

Bi. Okamoto, mwanasheria wangu, akamkumbusha kwamba maelezo yangu ya kuchapa anayo. Hakimu akasema, "Nimeyasoma na nimeyapenda. Lakini nataka kumuuliza maswali huyu bwana, na akianza kunichapia majibu tutafika Krismasi. Nitaahirisha hadi Oktoba, mtafute mtu anayemwelewa aje hapa."

Oktoba zabibu zingekuwa zimeozea mtini. Nikasema neno. Katika chumba kizima aliyeinua kichwa ni mtu mmoja tu.

Hakimu akauliza, "Amesema nini?"

Dada yangu akasema kutoka upande ule mwingine, "Amesema niseme mimi."

Bi. Okamoto akasimama. "Mheshimiwa, napinga. Huyu ndiye mwombaji. Ana maslahi."

Hakimu akanitazama. Wengi humtazama Delfina, anayenihudumia, aliyekuwa amekaa kando yangu. "Bwana Garoian, unaelewa kwamba huyu dada yako ndiye anayetaka apewe mamlaka juu yako?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na bado unataka akusemee?"

Nikaitikia.

"Nitajuaje kwamba anachosema yeye ndicho ulichosema wewe?"

Nikajibu. Dada akasema, "Anasema akiona nimekosea atatikisa kichwa. Anasema kichwa chake kinasema wazi."

Hakimu akakohoa, au alicheka. Akamwapisha. Bi. Okamoto akaomba pingamizi lake liandikwe, akaketi, uso umekunjamana.

Dada akavuta kiti akakaa mbele yangu, karibu, kama tulivyokuwa tukikaa zamani. Hakuniangalia machoni, aliangalia mdomo. Hakimu akauliza nani ananipikia na nani ananivika. Nikajibu. Dada akaanza, "Anasema kwamba Delfina Salcedo—" Nikamkatiza. Akamwambia hakimu, "Amenikataza kusema 'anasema'. Anataka niseme 'mimi', kama wale wa kwenye simu."

"Basi sema hivyo," hakimu akajibu.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Wewe unaijua kuliko mimi.

Hakimu akauliza, "Ukianguka tena?"

Dada akasema, "Nitaanguka tena. Wenye miguu mizima nao huanguka. Nimeweka simu karibu na sakafu."

"Kwa nini hutaki mahali hapo Fresno? Nimeona picha. Panapendeza."

"Kwa sababu nitakula wakisikia njaa wao, na Jumatano nitaimbiwa nitake nisitake."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, shingo tu ilimwiva, kwa maana ile Jumatano aliichagua yeye. Lakini alilisema lote, na akalisema kama nilivyolisema, bila kulilainisha. Nilikuwa tayari kutikisa kichwa na sikupata nafasi.

Hakimu akafunua karatasi. "Katika maombi, dada yako anaeleza kwamba tangu aondoke nyumbani, miaka kumi na sita iliyopita, umeishi katika upweke, na kwamba kuondoka kwake kulikuumiza. Ni kweli?"

Jibu hilo sikuwa nimeliandaa na Bi. Okamoto. Nilisema, "Dada yangu alipoondoka, nilifurahi."

Akanitazama machoni kwa mara ya kwanza siku ile. Hakimu akangoja, kisha akasema, "Bi. Dikranian?"

Dada akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umesemaje?"

Alikuwa amesikia. Nikarudia.

Chumba kile kilikuwa na watu labda kumi na watano, na zaidi yake hakuna hata mmoja aliyejua nimesema nini. Nami nilijua kwamba akisema kingine, sitatikisa kichwa. Sijui kwa nini nilijua hivyo. Akamgeukia hakimu, akasema kwa sauti yake ile ile ya kila siku, "Dada yangu alipoondoka, nilifurahi."

"Kwa nini?" hakimu akauliza.

"Kwa sababu kwa mara ya kwanza watu walilazimika kunisikiliza mimi. Wengi hawakunisikiliza. Lakini hawakuwa na mwingine wa kumtazama."

Hakimu akasema tupumzike. Dada akatoka na mwanasheria wake, nikawaona kupitia kioo cha mlango. Mwanasheria alikuwa anaongea sana, yeye anatikisa kichwa. Waliporudi, mwanasheria akasimama akasema maombi yameondolewa. Hakimu akauliza kama yeye mwenyewe ndiye aliyeamua, akajibu, "Ndiyo, mimi." Ikaisha.

Alikwenda uwanja wa ndege siku ile ile. Kwangu hakufika. Shangazi yetu alikasirika, alikuwa ameshapika.

Refugio alileta watu shambani Jumatatu. Zabibu zilianikwa juu ya karatasi katikati ya safu, kama ilivyo desturi. Mvua ndogo ilipita ikaharibu kidogo upande wa reli, zilizobaki zimekauka vizuri na zimeshakwenda kiwandani.

Hivyo ndivyo ilivyoishia ile simu.

Hrant Garoian


Watertown
1 Novemba 1998

Hrant,

Shangazi ameniandikia kwamba mavuno yalikuwa mazuri na kwamba Delfina amekununulia kofia mbaya. Nimefurahi kwa mavuno.

Sikukuaga. Nilifika mpaka kwenye njia panda ya nyumbani nikamwambia dereva wa teksi ageuze. Aliniuliza nimesahau nini.

Nubar aliuliza mahakamani mambo yalikuwaje, nikamwambia tulishindwa. Sikumwambia aliyeongea ni nani. Nimekaa na jambo hili tangu Agosti. Napika nalo, nalala nalo. Pale ulipotamka neno lile, nilijua kwamba nina nafasi ya kusema "niliumia", na hakuna mtu ambaye angejua. Pengine hata wewe ungeniachia. Sikulisema. Usinishukuru, sikulifanya kwa wema. Nilifungua mdomo nikiwa na nia ya kusema jingine, na likatoka la kwako. Labda nimekusemea muda mrefu mno.

Nilikaa miaka kumi na sita nikijua nilikuumiza. Kuna watu hapa ambao sikuwa rafiki yao kwa sababu hiyo. Mwaka wa kwanza wa ndoa sikucheza harusi ya mtu yeyote. Nilikuona umekaa barazani, nikajiambia, haifai. Sasa naambiwa ulikuwa umekaa pale unafurahi.

Nataka kujua kitu kimoja. Ulisema vile kwa ajili ya hakimu, ili ushinde? Kama ni hivyo, niambie, nitaelewa, Baba naye angefanya hivyo. Au ni kweli?

Nijibu kwa barua. Kwa simu sitaki kulisikia kwa sauti ya mtu mwingine. Na mimi nimeshalisema kwa mdomo wangu mara moja, imetosha.

Siran


Fowler
15 Novemba 1998

Dada Siran,

Ni kweli. Nilifurahi.

Ulipoondoka nilikaa barazani mpaka vumbi la gari likatulia. Kisha nikajisukuma mpaka jikoni nikamwambia Baba nataka kahawa. Akaniuliza mara nne nimesema nini, na mara ya tano akanipa kahawa. Nilijihisi mtu mkubwa. Kiangazi chote kilikuwa hivyo. Nilibishana na muuza mbolea. Nilimtukana padri, akadhani namwomba baraka, akanibariki. Sijawahi kucheka vile.

Ulipoingia ukungu wa Novemba, kama huu uliopo leo, shambani hakuna kazi na Baba haongei, nikaanza kukukumbuka. Ilikuja ghafla, tukiwa mezani. Wakati ule sikuwa na mashine ya kuchapa. Ilikuja baada ya miaka miwili, na kufikia hapo tulishazoea kuandikiana habari za mizabibu tu. Nilimwambia Baba akupigie simu akwambie kwamba nimekukumbuka. Hakunielewa. Nikarudia mpaka jasho likanitoka. Yeyote mwingine niliyemfikiria asingenielewa pia. Mtu wa kukufikishia maneno hayo alikuwa mmoja tu, naye ndiye wewe, na ulikuwa Watertown.

Mwishowe Baba akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Akaenda jikoni, akaniletea maji. Alikuwa amesimama pale ananitazama, anataka sana maji yawe ndiyo niliyoomba.

Nikayanywa.

Hrant